Marumaru Nyeupe ya Uani

Tulihama Jeddah kwenda Riyadh wakati wa joto kali, na madam, mwajiri wangu, akataka ua wa nyumba mpya uwekwe sakafu nyingine. Fundi alipanga vipande vya mawe juani. Madam akaniamuru nivue ndara, nikanyage kimoja kimoja, nimwambie kipi hakichomi. Basi sakafu ikachaguliwa kwa nyayo zangu. Marumaru nyeupe iliyong'arishwa ndiyo iliyokuwa baridi kuliko zote. Watu wa Jeddah huogopa jua tu, na mimi wa Kilifi baridi ningeijulia wapi?

Aliyeupenda ua ule ni bibi, mama yake madam. Kila asubuhi alitoka na bakora yake kunywa kahawa, nami nilikuwa nimeshamwaga maji na kupiga deki, kama tulivyozoea Jeddah. Nilimpenda bibi yule. Mkataba wangu ulikaribia kuisha, na kafili, mwajiri aliyekudhamini, asipokubali huendi popote. Bibi ndiye aliyeahidi kunisemea.

"Baridi ikiisha, inshallah, utawaona watoto wako," aliniambia.

Baridi ikaja, ile ya kuumiza vidole ukikamua tambara. Kwanza saruji kati ya marumaru ikaanza kupasuka. Alfajiri nilisikia ta, ta, kama mtu anavunja vijiti. Kisha nikateleza, mimi na ndoo chini.

"Madam, please, hapo nje panateleza. Tusioshe. Bibi ataanguka."

"Mafi mushkila, hakuna shida. Vumbi limejaa. Osha, yalla."

Nikaosha. Tangu hapo nilimshika bibi mkono kutoka mlangoni mpaka kitini, roho mkononi. Asubuhi moja madam aliniita jikoni kabla bibi hajaamka, au ndivyo nilivyodhani. Nikasikia bakora ikianguka, halafu yeye.

Nyonga ilivunjika. Maji yangu yalikuwa yameganda utando mwembamba wa barafu, huuoni mpaka uuguse.

Madam hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Marumaru ulichagua wewe," alisema. "Kwenda nyumbani, halas, imekwisha. Utamuuguza mama."

Marumaru iling'olewa, yakawekwa mawe ya kukwaruza. Baridi ilipoisha nilikuwa nikimsukuma bibi juu ya mawe hayo kwenye kiti cha magurudumu. Akili yake ilikuwa imeanza kuchanganyikiwa. Kila asubuhi, nikimfunika blanketi, aliniuliza kama safari ilikuwa njema na watoto nimewakutaje.

"Wazima, bibi," nilimjibu. "Wanakusalimu."