Msondo Katika Chumba cha Ufuta

Ngozi ya mbuzi ikipashwa kwenye moto wa majani makavu ina harufu yake, kama nywele zilizoungua, na nikiisikia popote, iwe Ruangwa au Nachingwea, najikuta Mandawa, uani kwa Mjomba Selemani, mwaka ule ufuta ulipokubali hadi tukakosa pa kuuweka. Mjomba ndiye aliyetulea. Alikuwa mpiga msondo, ile ngoma ndefu ya kusimama, na hakuigusa kabla ngozi haijakazwa kwa moto. Mimi niliishia darasa la nne, nasema bila aibu, lakini kijiji kizima hakikuwa na mtu wa kunishinda kwa redio ya kaseti. Ilikuwa ya mjomba, ila ikianza kukoroma niliitwa mimi, na betri zikichoka nilizianika juani mpaka zikafufuka.

Msimu huo dada yangu Somoe alikuwa anaolewa Songea, na kwetu Songea ilikuwa kama mwisho wa dunia. Mama alilia, Somoe hakulia. Alitaka kitu kimoja tu, ngoma za nyumbani kwenye kaseti, aende nazo. Lori la kumchukua lingepita Ijumaa, na kaseti tuliyokuwa nayo ni moja. Tukaanzia chumbani kwake, chumba kidogo ambacho kitanda na sanduku vilikijaza. Mjomba akapasha ngozi uani, akakimbia nayo ndani kabla haijapoa, akapiga mpaka udongo wa ukutani ukatudondokea vichwani. Tuliposikiliza, Somoe akacheka. “Mjomba, huo msondo au unagonga debe la mafuta ya taa?”

“Muulize mdogo wako,” mjomba akasema. “Mimi nimepiga msondo, yeye kaingiza debe.”

Mjomba akaona kosa ni la chumba, tutafute nyumba kubwa ili ngoma nayo itoke kubwa. Tukaifuta kaseti, tukaenda kwenye ghala la korosho, tupu kwa kuwa msimu wa korosho ulikuwa bado. Humo ukipiga chafya, ghala zima linapiga chafya. Msondo ulinguruma hadi mabati yakatetemeka, watu wakatoka mashambani kuja kuuliza mtoto wa nani anatoka jandoni. Lakini kwenye kaseti hakukuwa na ngoma, kulikuwa na ngurumo moja ndefu, pigo la kwanza halijaisha la pili limeshalipanda mgongoni. Safari hii Somoe hakucheka. Ilikuwa Alhamisi. Alikwenda kukunja khanga zake, akasema, “Basi, acheni. Nitazikumbuka hivyo hivyo.”

Hapo kichwa changu kikafanya kazi, changu, si cha mwingine. Nilikuwa nalala kwenye chumba cha ufuta, magunia yamepangwa ukutani pande zote hadi karibu na dari, na nilishagundua kwamba nikiimba mle sauti hainirudii. Nikamwambia mjomba twende kwenye ufuta.

“Ufuta nao unacheza ngoma?”

“Wewe pasha ngozi tu, mjomba.”

Redio nikaiweka juu ya gunia mlangoni, mbali kidogo na msondo. Tuliporudisha, pigo lilitoka zito, linakaa kifuani, na kila kiganja cha mjomba unakijua. Mama aliacha chungu jikoni akaja kusimama mlangoni. Somoe aliitoa kaseti ikiwa bado ina joto, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Leo nina studio Nachingwea na nyingine Ruangwa mjini, nimezijenga kwa akili yangu, na wanaokuja kurekodi wanatoka Chinongwe, wanatoka Mbwemkuru, hata watoto wa wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa. Kompyuta inanipa mwangwi wa chumba cha ukubwa wowote nikibofya tu. Nashukuru sana, maana vyote hivi vilianzia kwenye yale magunia. Lakini Somoe alipokuja kututembelea, mjomba akiwa ameshafariki, nilikuta kaseti yake imechakaa mwishoni tu. Kumbe ngoma ilipokoma nilichelewa kuzima redio. Mwishoni pale mjomba anahema, anauliza, “Hamisi, imeingia?” Nami najibu, “Imeingia, mjomba.” Dada alikuwa akirudisha hapo, miaka yote. Sasa vijana wakimaliza pigo la mwisho wananitazama nizime. Nawaashiria watulie, mashine inaendelea kurekodi, nawaacha waheme.