Ukoo wa Kidudu cha Mbwajumali

Mtu aliyezoea kuhama, hata mdudu humtoa nyumbani. Nilikuwa Kitale, nimekaa mahali pamoja muda mrefu hata nikaanza kuitamani miji ambayo nilipoishi humo niliilaani. Ndipo Bi Nafula, binti wa jirani anayesomea uzamifu wa wadudu, aliponiomba nimsaidie kubeba nyavu mpaka Lamu. Nilikubali kabla hajasema ni nyavu za nini.

Zilikuwa za kidudu. Waingereza humwita nzi wa Mei, ingawa si nzi, na mwezi wa Mei haumhusu. Utoto wake wote huishi majini, akiburura mikia mitatu. Akishaota mbawa hana mdomo wa kulia. Huoa, kisha hufa. Bi Nafula alikuwa akisoma chembe zao za urithi ajue nani ni ndugu ya nani. Wa milimani alikuwa nao, na wa Malindi pia. Wa visiwani hakuwa nao, na hii ilikuwa safari ya mwisho aliyoruhusiwa. Akirudi mikono mitupu, shahada yake ingebaki na pengo, na mwenye pengo hapewi joho.

Kitale hadi Nairobi nililala. Nairobi hadi Malindi alilala jirani yangu wa kiti, begani mwangu. Kwenye kizuizi kabla ya Mokowe, panapopandiwa boti za visiwani, polisi mmoja, kwa lafudhi mtu wa kwetu kabisa, alifungua sanduku akaona chupa za spiriti.

"Mzee, unapeleka pombe Lamu?"

"Ni ya wadudu."

Akanitazama sana. "Wadudu wako wanakunywa kuliko mimi," akasema, akatuachia.

Kisiwani Amu, ndiyo Lamu yenyewe, tulipanga chumba mtaa wa Wiyoni. Tulichungulia visima hadi akina mama wakaanza kutuficha ndoo. Viluwiluwi vya mbu tele, mikia mitatu hakuna. Kisiwa cha pili, Manda, hata maji yenyewe tuliyatafuta kwa taabu. Bi Nafula akaacha kula vizuri.

Mbwajumali, kisiwani Pate, tulipokewa na Bwana Athmani, mkulima, na mkewe Bi Fatuma. Uani kwao palikuwa na birika kubwa la maji ya mvua. Bi Nafula aliinama, akapiga kelele, "Wamo! Wamejaa!" Akamshika Bi Fatuma mikono wakazunguka kama maharusi. Sanduku la chupa za kuwahifadhia lilikuwa bado njiani juu ya punda asiyejua haraka, basi mimi na Bi Nafula tukakubaliana kuvua asubuhi.

Bwana Athmani hakuzunguka na mtu. Mgeni ameingia nyumbani kwake, na neno lake la kwanza ni kwamba maji yamejaa wadudu.

Asubuhi alituita kwa tabasamu pana. "Njooni mutizame. Yeo mai ni safi, hata mmoja humuoni!"

Alikuwa ameazima samaki wa birika la msikiti, wale wadogo wanaofugwa wale viluwiluwi vya mbu. Walielea polepole, matumbo yamevimba kama ya watu waliotoka kwenye karamu ya harusi. Bi Nafula alikaa chini sakafuni. Ikabidi nieleze mimi.

Bwana Athmani alishika kichwa. "Ya Rabi! Kumbe huyu amekata nti yote hiyo kuja kutaka wadudu?"

"Bado wamo matumboni," Bi Nafula akasema ghafla, akiinuka. "Nipe samaki wawili niwapasue."

"Haiwezekani, Bi. Hawa ni wakfu wa msikiti. Nimeazima wazima, nitarudisha wazima."

"Ulipokwenda kuazima samaki," Bi Fatuma akamwambia mumewe, "ungeazima na akili."

Tukaenda kwa Maalim Badi, mwalimu wa chuo cha Kurani. Alisikiliza akiinamia tasbihi yake, mabega yakimtetemeka kwa kicheko alichokizuia.

"Samaki ni wakfu, hawapasuliwi," akahukumu. "Lakini wanachokitoa, hakuna aliyekiweka wakfu. Chukueni chote."

Basi tukawatia samaki kwenye majagi ya sharubati ya Bi Fatuma, maji safi, tukakaa kuwatazama makalio. Majirani wakaja.

"Huyo! Huyo wa kushoto!"

"Bado. Anatufanyia maringo."

Wa kwanza alipoachia uzi wake mwembamba, watu walisema mashaallah. Bi Nafula aliufyonza kwa mrija kama manukato. Bi Fatuma akatangaza kuwa majagi yake hayarudi jikoni tena.

Bi Nafula akarudi Nairobi na chupa zake. Mimi nikabaki kusubiri, nikilima na Bwana Athmani. Kila simu yangu ilipolia, aliangusha jembe.

Siku ilipolia kweli, tulikuwa tunapalilia mahindi. Nikaweka spika.

"Imesomeka!" Bi Nafula alikuwa akicheka na kulia. "Chembe za samaki zimejaa humo, lakini kidudu kimesomeka. Ni binamu wa wale wa Malindi, ila ana tawi lake peke yake. Pengo limezibika!"

"Alhamdulillahi," Bwana Athmani akasema, akaketi juu ya mahindi yake. Kisha akaisogelea simu. "Na baba yao ni nani?"

"Chembe nilizosoma mtoto huzirithi kwa mama tu, Bwana. Baba haonekani humo."

Bi Fatuma akapiga kigelegele. "Wasomi wana akili! Wameshika upande usio na shaka."

Nilichojifunza ni kwamba ukikipenda kitu nyumbani kwa watu, kitie chupani kwanza, ndipo ufurahi. Kazi ilipokwisha, nyayo zikaanza kuniwasha.

Siku niliyoondoka, Bwana Athmani alinisindikiza hadi kwenye boti. "Mwambie Bi Nafula, nasaba ya upande mmoja si nasaba. Arudi amtafute baba."

Injini ikawaka. Tulikuwa tumekwisha kuachana na nchi kavu alipoingia majini hadi magotini, viganja mdomoni.

"Na mwambie safari hii sitosafisha!"