Ugomvi wa Mezani

Nakiwala alipoanza filamu yake ya kwanza, waliokubali kumwigizia bure walikuwa wawili tu: kinyozi Ssekitto na Nnaalongo, mama wa mke wa huyo kinyozi. Na kwetu Buganda mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe. Basi akawarekodi siku tofauti, meza ileile, kisha akajifungia miezi miwili akihariri, mpaka wakaonekana wanagombana uso kwa uso. Filamu nzima ilikuwa ugomvi huo.

Siku ya kuwaonyesha, Nnaalongo alitazama ndani, Ssekitto akachungulia dirishani.

"We binti!" Nnaalongo akafoka. "Umenikalisha na mkwe wangu!"

"Ni ujanja wa kompyuta tu, mama. Hamkukutana."

"Majirani wataona kompyuta, au watatuona sisi? Nitoe mimi. Yeye mwache."

"Nitoe mimi!" Ssekitto akapaza sauti kutoka nje, mgongo kaugeuza. "Mama abaki!"

Heshima gani hii ya kumnyonga mtu? Hakuna aliyekubali kubaki. Nakiwala akarudi kwenye kiti chake, akakata mmoja, akakata wa pili. Filamu yake sasa ni meza, na vikombe viwili vya chai vinavyopoa.