Mpika Pombe Aonje Kwanza

Juzi nilipita Kiranjeranje, nikakuta watu wamekaa pombeni. Desturi ni mpika pombe kuonja kwanza, wanywaji wajue haina sumu. Mama mwenye pombe akanywa kata moja, akafuta mdomo.

“Ongeza,” akasema mzee mmoja.

Akanywa ya pili, na ya tatu, kisha akachukua sindano, akatunga uzi tunduni kwa jaribio la kwanza, kama hajanywa kitu.

“Bibi wee, haya maji!” akasema yule mzee. “Mwaka juzi kata moja ilinilaza.”

“Mwaka juzi mlilima mtama. Mwaka huu mwalimishwa pamba ya akida wa serikali, mtama hakuna. Nipike pamba?”

Mzee akatazama viganja vyake vyenye sugu za jembe, akanyoosha kata yake. “Haya, nitilie.”

Zamani kionjo kilituondolea hofu ya kufa. Siku hizi chatutia hofu ya kurudi nyumbani na akili timamu.