Mwanamke wa Kitabu Hakusema

Mwanzoni kivimbe kilikuwa kama punje ya karanga, kwenye ziwa la kushoto, wala hakikuuma. Simone alikigundua akioga, akaamua kukingoja kiondoke chenyewe, jinsi wanawake wa soko la Mangobo wanavyomngoja mtoza ushuru: bila kumtazama machoni. Mtoza ushuru huchoka, akaenda zake. Kivimbe hakikuchoka.

Simone aliuza pondu, majani ya muhogo yaliyokwisha kutwangwa, ambayo bila hayo Kisangani nzima ingeamini kwamba haijala. Alizaliwa Isangi katika ukoo wa wavuvi, akaletwa mjini na Faustin, fundi wa mashine za baleinière, zile mashua ndefu za mbao zinazobeba watu na magunia hadi Kinshasa. Faustin alikuwa safarini. Alikuwa safarini tangu mwaka juzi, na majirani walikuwa na adabu ya kutouliza mto una urefu gani.

Nyumbani alibaki Vicky, binti wa pekee, aliyekuwa akijiandaa kwa Examen d'État, mtihani wa mwisho wa sekondari, ambao wazazi huuogopa kuliko malaria, kwa kuwa malaria ina dawa. Simone alifikiri kama mama: nikisema, huyu mtoto ataweka daftari chini na kushika mchi. Basi asijue mpaka mtihani upite. Baada ya hapo tutaona.

Kulikuwa na watu watatu ambao angeweza kuwaambia: Marie-Jeanne, Joëlle na Émilie. Pamoja na Simone, wanne hao walijuana katika wodi moja ya uzazi, wawili wawili kwa kitanda, jambo linaloharakisha urafiki. Lakini watoto walikua, na wenyewe wakatawanyika. Émilie alihamia Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa hiyo kila ziara kwake ilianza na pirogue, mtumbwi wa kuvukia, na sala. Joëlle alikuwa muuguzi wa kituo cha afya. Marie-Jeanne alikuwa karani wa serikali, na serikali ilimlipa ilipomkumbuka. Ni yeye aliyesema, siku moja walipojikuta wamekaa pamoja kwenye mkesha wa msiba:

"Bamama, tukiendelea hivi tutakuwa tunaonana ku matanga tu. Na siku moja mumoja wetu ndiye atakuwa ndani ya sanduku. Alors, tutafute kitu."

Kitu kilikuwa vitabu. Vitabu walivyopenda vilipatikana kwa mzee mmoja anayetandaza karatasi kuukuu kando ya barabara, na kila kitabu kilikuwa kimoja tu. Kwa hiyo walikikata. Marie-Jeanne alikigawa kwa kisu cha mkate katika robo nne, Joëlle akashona kila robo kwa uzi wa kushonea vidonda, na robo zikazunguka kutoka nyumba hadi nyumba mpaka kila mtu awe amezisoma zote. Mara nyingine mtu alikutana na muuaji kabla ya kukutana na maiti. Walizoea. Walisoma kwa Kifaransa, wakabishana kwa Kiswahili, na Lingala wakaiweka akiba kwa matusi.

Kanuni ilikuwa moja. Mambo ya nyumbani hayaingii. Iliwekwa baada ya Joëlle kueleza, kati ya sura mbili, habari ya mwanamke wa pembeni wa mume wake. Kufikia Jumapili parokia nzima ilikuwa ikimuombea Joëlle, kwa sauti, na kwa jina. Tangu siku hiyo walizungumza watu wa kwenye karatasi tu, ambao hawana parokia.

Na kila kitabu kilipokwisha walipiga kura: mwanamke wa kitabu alifanya vema, au alikosa? Aliyeshindwa alileta makemba, ndizi kubwa za kukaanga, mkutano uliofuata. Walikuwa mahakama kali. Wanaume wa vitabuni hawakuwahi kuachiliwa hata mmoja.

Kitabu kilichomkuta Simone hakikuwa na jalada, hivyo jina lake halikujulikana. Kilihusu mama mmoja wa nchi ya baridi aliyeficha ugonjwa wake miaka na miaka ili mwanawe asome udaktari kwa utulivu. Alikufa siku ambayo mwana alipewa diploma. Mvua ilikuwa ikinyesha, kama ilivyo desturi ya vitabu.

Walikutana kwa Marie-Jeanne. Simone alikuja na swali lake, akalivika nguo za yule mama wa kitabu, kwa sababu kanuni ilikataza liingie uchi.

"Mi naona alikosa," alisema. "Alikuwa anapashwa kusema. Hata kwa rafiki mumoja."

"Rafiki gani?" Marie-Jeanne alidakia. "Weye unajua barafiki? Ingefika ku soko mbele ya saa sita! Hapana, ma chère. Ule ni mama ya kweli. Anakufa kama malkia, hapigie mutu kelele."

"Mi nililia mpaka ndani ya pirogue," alisema Émilie. "Mupiga kafi akaniuliza: mama, mumefiwa na nani? Nikamwambia: na mutu wa page ya mwisho."

Walicheka. Simone alimgeukia Joëlle.

"Weye iko infirmière. Sema. Mutu kama ule, angeenda ku hôpital mapema, angepona?"

"Ku kazi," alisema Joëlle akimenya ndizi, "mwanamuke akiniletea ugonjwa yenye alificha, minamugombeza mpaka analia. Kila juma niko nayo mumoja. Lakini hii ni roman, Mama Vicky! Akienda ku hôpital ku page ya makumi mbili, sisi tutasoma nini?"

"Labda angekuwa na woga tu," alisema Simone. "Labda alikuwa anangojea mutu amuulize."

"Ah non! Weye unataka kuharibu kitabu ya batu," alisema Marie-Jeanne. "Bon, kura. Nani anasema alifanya muzuri?"

Mikono mitatu ilipanda. Wa Simone ulibaki kwenye pagne, kitenge alichojifunga. Hata kama angetaka kuunyanyua usingepanda vizuri. Bega lilikuwa limeanza kugoma.

"Makemba, Simone! Na isikuwe baridi kama za Émilie!"

Alicheka pamoja nao, akichelewa kidogo. Wasomaji wazuri wangeona kuchelewa huko kama kungekuwa kwenye ukurasa.

Makemba aliyaleta, yakiwa ya moto. Mkutano uliofuata alituma salamu kwamba ana baridi yabisi mkononi. Uliofuata tena, alituma salamu tu. Nyumbani Vicky ndiye aliyetwanga pondu alfajiri kabla ya shule, na mama yake aliketi kando akimwambia mchi unashikwa namna gani. Mama mmoja wa njia ya Bengamisa alimuuzia Simone majani ya kubandika. Yalikuwa na harufu kali, na hiyo ilikuwa faida yake kubwa, kwani ilifunika nyingine.

Marafiki walikuja wiki ya mwisho kabla ya mtihani. Ukweli usemwe: hawakuja kumwona mgonjwa. Simone alikuwa na robo ya tatu ya kitabu kipya, na bila hiyo wote walikuwa wamekwama kwenye harusi, hawajui kama bwana harusi atafika. Joëlle alitangulia kwa toleka, baiskeli ya abiria. Wawili wakamfuata kwa miguu, wakimcheka kwamba anajifanya madame.

Joëlle alikuwa akicheka pia; alipofika mlangoni aliacha. Muuguzi hujua harufu hiyo kabla ya kujua jina la mtu. Aliingia, akafunua pagne ya Simone bila kuomba ruhusa, akatazama, akaifunika tena polepole kama mtu anayefunika chakula cha mwingine.

"Tangu wakati gani?"

Simone alimwambia.

"Mama yangu." Joëlle alikaa chini sakafuni. "Juu ya nini haukusema? Mi niko infirmière! Tunaonana kila mwezi, Simone! Juu ya nini?"

"Niliuliza," alisema Simone. "Mulipiga kura."

Wengine wawili walikuwa wamekwisha kufika mlangoni. Marie-Jeanne alitazama robo ya tatu iliyokuwa juu ya meza, hakuigusa.

Kesho yake walimpeleka hospitali. Daktari kijana alisema yale ambayo madaktari husema, kwa Kifaransa safi chenye "malheureusement", yaani kwa bahati mbaya, nyingi. Kisu kilikuwa kimechelewa. Mashine ya kuchoma ugonjwa haikuwapo mkoani. Dawa ya maumivu aliiandika, akaongeza kwamba ikipatikana itasaidia.

Waliporudi nyumbani, Simone alibaki na ombi moja: Vicky asijue mpaka mtihani upite. Émilie alikubali akilia. Joëlle alisema atakubali chochote.

"Tupige kura?" aliuliza Émilie, kwa mazoea, kisha akaziba mdomo.

"Hakuna kura," alisema Marie-Jeanne.

Alitoka, akamkuta Vicky nyuma ya nyumba, amechuchumaa mbele ya beseni. Alimwambia moja kwa moja, kama mtu anayevuta mwiba. Vicky hakunyanyua kichwa.

"Minajua, tantine."

"Unajua nini?"

"Ni miye nafua bitambaa yake. Anabificha chini ya magunia, minabitosha, minabifua, minabirudisha." Alikamua kitambaa. "Niliona anataka nisijue. Sasa nikaacha asijue kama najua."

"Na masomo?"

"Masomo gani? Nafungua daftari, nasikiliza kama anapumua."

Kwa hiyo kile kilichonunuliwa kwa bei ile kubwa, utulivu wa mtoto, hakikuwahi kuwamo dukani. Marie-Jeanne alisimama pale na viatu vyake vya ofisini ndani ya maji ya sabuni. Kisha alikunja mikono ya blauzi, akachuchumaa, akachukua kitambaa kilichofuata.

Simone, alipojua kwamba siri imetoka, hakusema na Marie-Jeanne siku nzima. Hasira ilimpa hata rangi kidogo usoni. Lakini jioni, wageni walipokwisha kuondoka, Vicky aliingia na maji ya uvuguvugu, akafungua kitambaa cha mama yake huku mlango ukiwa wazi na mwanga ukiingia, na mama yake, baada ya kugeukia ukuta mara moja, aligeuka tena. Haikuwa kazi ndefu. Ilinuka. Vicky alifanya polepole upande wa kwapa, palipouma zaidi.

"Umekula?" aliuliza Simone.

"Bado."

"Kuna wali ku sufuria. Kula kwanza, ndio usome."

"Sitasoma leo, mama."

Simone alifungua kinywa amgombeze. Alimtazama binti yake, akasogea kidogo ukutani, akamwachia nafasi kitandani.