Kharbaki Kwenye Kivuli cha Bawshar

Harufu ya saruji yenye moto iliyomwagiwa maji hunirudisha kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba yetu ya Bawshar, Maskati, baina ya jiko na ukuta mrefu. Hapo tu ndipo palipokuwa na kivuli, na hapo ndipo Shangazi Salma, dada yake baba, alipoliweka kharbaki lake, ua la nchi za baridi alilolibeba kutoka Uingereza. Alikuwa amekatisha masomo aje kumuuguza Bibi kwa mwezi mmoja, na mwezi ukazaa miezi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na likizo ile ya kiangazi hatukutoka getini ila kwa gari, na gari alikuwa nalo baba kazini. Nilichoka hata na sauti yangu mwenyewe.

Shangazi alinifundisha kwamba kharbaki lina sumu, nisiliguse kisha nikatia mkono mdomoni. Kwamba hupumzika kiangazi na kuchanua wakati wa baridi, uso limeuinamisha chini. Linapenda kivuli, alisema. Alichosahau, na sote tulisahau, ni kwamba kwenye kivuli cha nyumba za Maskati ndiko zinakofungwa mashine za viyoyozi. Nne zilikuwa zikilipulizia joto mchana kutwa. Bibi naye, kwa huruma zake, akilinywesha asubuhi na jioni kama asmini yake, mizizi ikaanza kuoza. Majani yalipogeuka manjano, Shangazi alilia kuliko nilivyodhani mtu anaweza kulilia jani. Siku ile ile alimwambia Bibi, "Mama, chuo kinafunguliwa. Nnataka kurudi nkamalize."

"Rudi, mwanangu, nani kakuzuia?" Bibi akajibu, huku akijivutia shuka. "Nkifa utapigiwa simu."

 Shangazi alilihamishia ua chumbani kwetu, nilimokuwa nikilala naye, akalibadilishia udongo, akawasha kiyoyozi hadi tukavaa masweta, mlango umefungwa muda wote. Niliona kama tumezikwa watatu humo ndani, mimi, yeye na ua. Januari kharbaki likatoa ua moja. Alilinyanyua uso kwa kidole, akalitazama, kisha akaenda kumpa Bibi dawa. Chuoni hakurudi tena.

Leo nina nyumba yangu Ansab, na gari langu mwenyewe. Wiki iliyopita binti yangu anayesoma nje alipiga simu, kasikia ninaumwa. "Mama, nnakata tikiti nije." Nilimwambia ni mafua tu, asithubutu. Ilikuwa siku yangu ya nne kitandani. Nikakata simu haraka, kabla kikohozi hakijanishika naye akasikia.