Mabakuli Yangu Yalivunja Mitungi ya Mama, Lawama Akabeba Wifi

Nimekosa. Naanza na hilo ili usije ukadhani natafuta huruma. Nilikaa kimya mtu asiye na hatia akisemwa mbele za watu, na ukimya wangu ulidumu miezi saba. Lakini kuna jambo lingine ambalo ndugu zangu wanataka nilitubu, na hilo silitubu ng'o! Nitayaeleza yote mawili, uamue mwenyewe.

Mimi ni mama wa huku Ufipa, kijiji cha njia ya Mwimbi. Niliishia darasa la saba. Nina kawaida ya kuandika mambo yangu kwenye daftari, mengine nayafuta siku ya pili kwa aibu. Haya sijayafuta.

Kwetu tunafinyanga. Bibi alifinyanga, mama anafinyanga, na mimi nimekua na udongo kwenye kucha. Udongo wetu wa kufinyangia ni mwekundu, tunauchimba karibu na kijito. Mweupe ni wa urembo. Mama anauloweka mpaka unakuwa kama uji, anaupaka kwenye mtungi ambao haujakauka vizuri, halafu anasugua kwa kokoto laini mpaka unang'aa. Unapakwa juu tu. Kamwe hauingii ndani.

Mimi nilitaka uingie ndani! Nilitaka kuukanda mwekundu na mweupe pamoja, bila kuuvuruga sana, ili rangi zipite kwenye bakuli zima kama mafuta yanavyopita kwenye nyama. Sijui kama naeleza vizuri. Nilikuwa nauona hata nikilala.

Nilimuuliza mama, "Kwa nini tusichanganye?"

"Bibi yako hakuchanganya."

"Sawa mama, lakini kwa nini?"

"Wewe ulizaliwa uulize au ufinyange?"

Nisimwonee mama. Hakuwa mchoyo wa kazi yake. Alimfundisha hata mke wa kaka yangu, wifi yangu, aliyeolewa kutoka Mtowisa, kule bondeni kwenye joto na mpunga, ambako kwao hakuna aliyewahi kufinyanga. Na baada ya miaka miwili mkono wa wifi ulikuwa umeupita wangu. Nayaandika haya kwa uchungu, lakini ndiyo kweli.

Ikaja oda ya harusi: mitungi minane ya pombe ya ulezi. Sita alifinyanga mama, miwili alifinyanga wifi. Asubuhi ya kuichoma, mama akawa anamtania.

"Wewe mtu wa bonde, mikono hiyo ni ya kupandia mpunga."

"Mama, na mpunga nao unataka mikono yenye akili," wifi akajibu.

Tulicheka, majirani wawili waliokuja kusaidia wakacheka zaidi. Mama hakucheka. Akanuna.

Sasa, kwetu kuna mwiko: mwenye kinyongo hasogei kwenye moto wa vyungu. Akisogea, vitapasuka. Nimeukuta mwiko huo, sijui nani aliuanza.

Mitungi ilikuwa imeshapangwa juu ya magome na samadi kavu. Mama na wengine wakaingia ndani kunywa chai. Mimi nikabaki. Nilikuwa na mabakuli yangu matatu ya rangi mbili, niliyoyaficha chini ya ndoo. Yalikuwa manene, na moyoni nilijua hayajakauka. Niliyaingiza chini kabisa, katikati ya mitungi. Nilitaka tukifukua majivu mama ayaone yamekuwa mazuri, akose la kusema. Huo ndio ulikuwa ujinga wangu!

Wakatoka. Wifi akabeba nyasi, akafunika, akawasha.

Haikuchukua muda. Pa! Kisha pa, pa! Udongo wenye maji ukipata moto wa ghafla unapasuka kwa nguvu, na vipande vikaruka na kupiga mitungi yote. Moto ulipotulia, ulikuwa umebaki mtungi mmoja, nao una ufa. Jamani, kilio alicholia mama!

"Nani amesogea hapa na kinyongo?" akauliza.

Macho yote yalimwendea wifi, kwa kuwa ndiye aliyejibizana na mama na ndiye aliyewasha moto, na nyasi zilikuwa bado kwenye kanga yake.

"Mama, mimi nilikuwa natania tu," akasema.

Mama akamjibu kwa Kifipa, maneno ambayo sitayaandika. Mwisho wake yalikuwa haya: asiuguse tena udongo wa nyumba hii.

Na mimi? Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Niliokota vigae vyangu vya rangi mbili vilivyorukia nje ya moto, kabla havijaonekana, nikavitia kwenye kanga. Hata kaka, mume wake, hakumtetea, lakini yeye hakujua. Mimi nilijua!

Harusini pombe ikawekwa kwenye ndoo za plastiki. Wifi akarudi kwao Mtowisa kwa muda, watu wakasema maneno ya watu. Aliporudi akashika jembe. Udongo hakuugusa.

Kila siku nilisema kesho nitaongea. Ukweli wangu ni huu: niliogopa kwamba nikisema, mama atanikataza kuchanganya. Basi nikaendelea kwa siri. Nikagundua mweupe na mwekundu havisinyai sawa, kwamba mweupe unataka kutiwa vigae vilivyosagwa, na kwamba bakuli linatakiwa likauke kivulini muda mara mbili ya kawaida. Yakaanza kutoka mazima. Katika kumi, saba yanatoka. Mazuri! Lakini kila nikilishika moja naona nimekaa juu ya mgongo wa mtu.

Nikamfuata wifi shambani, nikamweleza yote. Aliendelea kuvunja mahindi, hata hakugeuka.

"Unaniambia mimi ili iweje?" akasema. "Mimi nilijua sijafanya kitu. Kawaambie wasiojua."

"Wifi, nisamehe."

"Nimekuelekeza pa kwenda, wifi."

Jumapili baada ya misa niliwaita wote, mama, kaka, na wale majirani wawili. Nikatoa vigae vya siku ile, nikavimwaga chini. Nikapiga magoti mbele ya wifi, nikasema kosa ni langu, moto haukuvunja kwa kinyongo cha mtu, ulivunja kwa mabakuli yangu mabichi.

Mama akainama, akaokota kigae kimoja, akakigeuza. Akasema, "Basi apa hapa mbele ya watu kwamba hutachanganya tena."

"Mama, hilo siapi."

"Unasemaje?"

"Kosa langu ni kuficha, na kutia kitu kibichi kwenye moto wako bila ruhusa, na kunyamaza. Hayo natubu. Kuchanganya udongo si dhambi."

Kaka akasema nina kiburi. Labda ninacho. Nimejichunguza sana kwenye daftari langu na bado sijapata jibu. Lakini nikiapa kwa uongo ili nipewe amani, nitakuwa nimeongeza kosa la pili juu ya lile la kwanza. Mama akanizuia kuchimba kwenye kijito cha bibi. Ni haki yake. Sasa nachimba mbali, mwendo wa saa nzima na ndoo kichwani, na nachanganya mchana kweupe, anayepita aone!

Mama alimwomba wifi radhi siku ileile, lazima niliseme hilo. Akamwambia arudi kufinyanga. Wifi akajibu kwa adabu, "Asante mama, lakini hamu imeisha." Mpaka leo haijarudi.

Wewe unayejaribu kitu kipya kwenye kazi ya wazee wako, jaribu, usiogope mtu! Ila kikiharibu cha wenzako, sema ni wewe hapohapo, moshi haujaisha. Usisubiri kwanza kikupendeze. Mimi nilisubiri, na kwa ajili ya miezi ile saba nyumba yetu ilipoteza mkono bora kuliko wangu.